Tangi la Upande wa Barabara

Temeke, 10 Januari 1954

Kwa dada yangu mpenzi Wahiba,

Assalamu alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwangu, kwa mke wangu na kwa watoto. Hatujambo sote, ila mdogo ana kikohozi cha vumbi la barabara hii. Hali zenu huko Lindi? Shemeji hajambo? Na Hayat je, mmeshampata mchumba, au bado mnachagua kama watu wanaonunua kitambaa?

Dada, nina jambo, na najua utakunja uso kabla hujamaliza kusoma. Kuna Wazungu wa kampuni moja ya mafuta wanapita Barabara ya Kilwa wakitafuta duka la kuweka bomba la petroli. Malori yanayokwenda kusini yamekuwa mengi, na sie mpaka leo tunauza kwa debe, tunamimina, nyingine inaishia mchangani. Wao wataleta tangi la chuma, kubwa kama chumba, lizikwe ardhini, na juu yake lisimame bomba la kuvuta kwa mkono. Tangi lao, kazi yangu. Na wamelipenda duka la baba.

Lakini kiwanja ni chetu sote wawili, na kisima kilichomo baba alikiweka wakfu, akakuachia wewe usimamizi. Sitachimba hata shimo la kupanda mgomba bila neno lako. Naomba idhini yako, dada. Nafasi kama hii haitapita tena mlangoni petu.

Mdogo wako,
Muhsin


Lindi, 2 Februari 1954

Mdogo wangu Muhsin,

Waalaykum salaam. Marahaba, na marahaba ya mkeo na watoto. Huyo mwenye kikohozi mpeni asali na tangawizi, na msimlaze dirisha la barabarani. Sisi ni wazima, isipokuwa shemeji yako na magoti yake. Hayat ameshaposwa. Kitambaa kimepatikana, na si kibaya.

Uso nimeukunja, kama ulivyosema. Baba alipokuwa anakata roho hakuzungumzia duka, alizungumzia kisima. Alikichimba kabla hata hajaezeka nyumba. Alisema kila atakayekunywa na kutawadha humo, yeye kaburini ataandikiwa thawabu. Ndiyo sadaka yake inayoendelea, na hana nyingine. Mtaa mzima unachota pale bure, Waislamu na wasio Waislamu, na msikiti unatawadha hapo. Baba mwenyewe hakuwahi kumwuliza mtu anatoka wapi.

Mimi sijui mambo ya petroli, lakini najua inavyonuka debe likimwagika. Basi nakupa idhini kwa sharti moja tu. Tangi lizikwe upande wa barabara, mbele ya duka. Si uani, na si karibu na kisima. Wazungu wakikataa, waambie dada yako ni mkorofi. Nimeshazoea kusemwa.

Nilikubeba mgongoni tangu mama alipotutoka, Muhsin. Nakujua ukitaka kitu. Unakuwa mtamu.

Dada yako,
Wahiba


Temeke, 20 Aprili 1954

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia nikiwa na homa, na nilipoisoma homa ikanitoka. Mungu akuweke. Mke wangu anakusalimu na anasema kanga ulizomtumia majirani wanazionea wivu. Kikohozi cha mtoto kimepona kwa dawa yako.

Tangi limezikwa upande wa barabara, kama ulivyoagiza. Ungeona siku ile! Mtaa mzima ulisimama kutazama, lile dubwana likishushwa kwa minyororo, na wazee wanabishana iwapo litaelea mvua zikija. Sasa bomba limesimama, rangi nyekundu, na malori yanapanga foleni.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla ya kuuza, nachovya ufito wenye alama mpaka chini ya tangi, naangalia umelowa wapi. Kisha inaandikwa: jana ilikuwepo kiasi gani, imeuzwa kiasi gani, imebaki kiasi gani. Ikipungua bila kuuzwa, kampuni inasema mawili: ama tangi linavuja, ama muuzaji ni mwizi. Likivuja wanalifukua na biashara inafungwa. Na kwa kuwa karatasi zao ni za Kiingereza na kalamu yangu ni ya Kiarabu, uandishi nimempa mpangaji wetu wa vyumba vya uani, Projestus, yule Mhaya karani wa bandarini. Anaandika kabla hajaenda kazini. Ni mtu mpole, na mkewe Kokushubila ameshazoeana na wake wa hapa. Wanachota kisimani kama kila mtu.

Usiwe na wasiwasi wowote.

Mdogo wako,
Muhsin


Lindi, 8 Machi 1955

Mdogo wangu Muhsin,

Salaam, ingawa hustahili. Karibu mwaka mzima sijapata hata kipande cha karatasi! Kwenye harusi ya Hayat ulituma zawadi, mwenyewe hukuonekana, na barua haikuja. Nimekuwa nikiwauliza abiria wa meli kama Temeke bado ipo. Mzima wewe? Mkeo? Watoto?

Sasa kaa chini. Hayat amejifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto hawajambo, na amepewa jina la baba. Tumepata Awadh mwingine, mwenye kelele kuliko wa kwanza.

Unajua desturi yetu. Wewe siku ya arobaini yako uliogeshwa maji ya kisima cha baba, na mimi pia, na Hayat nilimleta kwa meli kwa ajili hiyo hiyo, nikatapika njia nzima. Safari hii mtoto hawezi kusafiri, Hayat bado dhaifu. Nitumie maji, Muhsin. Chupa moja kubwa inatosha. Arobaini itakuwa katikati ya Aprili.

Dada yako,
Wahiba


Temeke, 29 Machi 1955

Dada yangu,

Shikamoo, na hongera, na hongera tena! Nilipoisoma barua nililia dukani mbele ya wateja. Nisamehe kwa ukimya, kazi imenimeza. Sisi ni wazima sote.

Maji hayo nimeyatia kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya siki, nimeisugua kwa mchanga mpaka imeng'aa. Nimeyachota mwenyewe alfajiri, kwa mkono wangu, kabla kisima hakijaguswa na mtu. Nimemkabidhi Gaspar, mpishi wa meli, na nimemwambia asipoiwasilisha nitamdai mbele ya Mungu.

Mbusu Awadh mdogo kwa niaba ya mjomba wake.

Mdogo wako,
Muhsin


Lindi, 25 Aprili 1955

Muhsin,

Chupa ilifika nzima. Mtoto tulimwogesha, na tumemaliza arobaini salama, tunamshukuru Mungu. Hayat anakuamkia.

Nitakuuliza jambo, na unijibu kama nilivyokulea. Nilikuwa mimi mwenyewe nimekaa na mtoto mapajani. Nilipaka sabuni kidogo, ile ya mche, na povu likajaa beseni. Likafurika, likaniingia mpaka viwikoni, wanawake wakacheka wakisema mtoto ana baraka.

Mimi sikucheka. Maji ya kisima cha baba yana chumvichumvi, Muhsin. Sabuni haitoi povu humo. Nimefua nepi zako kwa maji yale mpaka viganja vikachubuka, wewe ndiye usingejua kwa sababu hukuwahi kufua hata kofia yako. Nikayaonja. Yalikuwa matamu, maji ya mfereji kabisa, yale ya bomba la serikali.

Nilimwogesha mtoto kwa uongo wako nikiwa natabasamu. Nini kimetokea na kisima?

Dada yako,
Wahiba


Temeke, 16 Mei 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Ni kweli, maji yalikuwa ya mfereji. Niliona haya kukutumia ya kisima, na niliona vibaya zaidi kukuvunja moyo wakati wa furaha. Nilitaka upate arobaini yako kwa amani. Kosa langu ni kukupenda.

Kisima kimeharibika, dada. Maji yananuka mafuta, na juu yana utando wenye rangi rangi. Na aliyeyaharibu ni Projestus. Mbu walimzidi huko uani, basi akamwaga mafuta ya taa kisimani ati kuua viluwiluwi, jambo alilofundishwa shule ya misheni. Hakuniuliza. Nilipomkabili alikana. Watoto wa mtaani wamekunywa wakatapika, na msikiti umeacha kutawadha humo.

Sasa naomba mambo mawili kwako kama msimamizi: Projestus atoke vyumbani, na kisima kifungwe kabla mtu hajafa. Wazee hawatanikubalia bila neno lako. Niandikie upesi, kwa mkono wako mwenyewe, wanaujua.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Muhsin


Lindi, 4 Juni 1955

Mdogo wangu,

Salaam kwako na kwa wote. Sijalala vizuri tangu barua yako. Nimekusamehe yale maji, kwa kuwa ulisema ukweli ulipoulizwa.

Huyo Projestus! Baba alikaribisha watu pale, naye analipa kwa kumwaga mafuta kinywani mwa marehemu! Mwambie nimesema hivyo hivyo. Atoke, na mkewe, na sufuria zao. Sitaki kusikia jina lake.

Mimi Wahiba nimeridhia kisima kifungwe. Funikeni kwa mbao nzito, watoto wasichungulie. Lakini kisifukiwe. Pengine maji yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, yatarudi kama zamani. Nitakuja baada ya kuvuna mtama, tutazame pamoja.

Pole, mdogo wangu. Najua ni mzigo kwako peke yako.

Dada yako,
Wahiba


Kigamboni, 12 Septemba 1955

Muhsin,

Usishangae mahali barua hii ilipoandikiwa. Nipo kwa Shangazi tangu Alhamisi. Ukisimama Magogoni unaweza kuliona paa lake, lakini nakuandikia, kwa sababu siuamini mdomo wangu nikikuona.

Nilishuka melini, nikaja Temeke moja kwa moja bila kukuarifu, nikijua utafurahi. Karibu na nyumba ya imamu wa msikiti wetu nikakutana na wanawake watatu niliocheza nao utotoni. Nikawaamkia. Hawakuitika. Mmoja akatema mate pembeni, Muhsin, akaniambia, "Umekuja kutazama kazi yako?" Nikadhani ni wazimu.

Nikafika nyumbani. Niliambiwa uko mjini, na nashukuru. Nilikitafuta kisima nisikione. Pamejaa kifusi, pameshindiliwa, na lori lilikuwa limeegeshwa juu yake. Juu ya kisima cha baba! Na kando, ukutani kabisa, huko huko uani, nikaona mfuniko wa chuma wa tangi. Kutoka hapo mpaka kisimani ningeweza kurusha kandambili ikafika. Nikamwuliza kijana wa bombani, "Tangi la upande wa barabara liko wapi?" Akasema, "Mama, tangi ni hilo hilo moja, tangu mwanzo." Mbele ya duka ulitaka nafasi ya malori.

Nikavuka mji mzima mpaka Kinondoni kumtafuta mtu niliyemtukana bila kumjua. Projestus na Kokushubila wanakaa chumba kimoja nyuma ya duka la mkaa. Nilijua wangenifukuza. Kokushubila alifuta kigoda kwa upande wa kanga yake akanikalisha. Nikawauliza kuhusu mafuta ya taa. Walitazamana. Kisha Projestus akasema taratibu, na maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema:

"Mama Hayat, mie sikumwaga kitu. Tangi lilianza kupungua masika ya mwaka jana. Kila asubuhi ufito unashuka kuliko tulivyouza. Nikamwambia, Bwana Muhsin, linavuja hili, niandike linavuja. Akasema andika joto, petroli imepaa na joto. Nikaandika joto. Mwezi, miezi, joto. Mpaka mwezi wa Julai ule, mvua ya baridi imekesha, naye anasema joto! Maji yalipoanza kunuka nikamwambia sasa naandika kweli. Barua yako ya Juni ilipofika, tukatolewa vyombo nje."

Basi ulijua. Tangu masika ya kwanza ulijua. Watu walipokunywa ulijua, walipotawadha wakasimama mbele ya Mungu ulijua. Ulipochukua chupa ya siki ukaenda mferejini, ulijua kwa nini huendi kisimani.

Na hilo silo lililoniua. Kokushubila ndiye aliyeniambia kuhusu Ijumaa. Kwamba baada ya swala ulisimama mbele ya wazee na barua yangu mkononi, wazee wakiwa wameshakataza kisima kisiguswe, ukawasomea: "Mimi Wahiba nimeridhia kisima kifungwe." Ukaikunja ukaitia mfukoni. Hukusoma mstari unaofuata. Niliandika kisifukiwe, Muhsin! Niliandika nitakuja! Siku ya pili ukaleta kifusi kwa jina langu.

Temeke nzima inajua kwamba binti wa Mzee Awadh ndiye aliyefukia sadaka ya baba yake. Wewe umebaki mdogo mtiifu aliyemsikiliza dada. Umeniuza, na hata hukunitazama usoni wakati unaniuza.

Nakupa nafasi moja. Ijumaa hii simama pale pale. Soma barua ile nzima. Kisha useme tangi liko wapi na linavuja tangu lini. Sitaki kingine kwako. Nasubiri hapa kwa Shangazi.

Wahiba


Temeke, 19 Septemba 1955

Dada yangu mpenzi, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Watoto wamesikia uko Kigamboni na wanaruka, wanataka kuja. Mke wangu amekupikia vileja, anavileta mwenye barua hii. Shangazi miguu yake vipi?

Barua yako nimeisoma, na nimelia. Ijumaa nilikwenda msikitini na yako ya Juni mfukoni, Mungu shahidi wangu, nikakaa safu ya mbele. Imamu alipomaliza, nikatoka na wengine. Dada, fikiria. Nikisema linavuja, kampuni watalifukua, na wataniuliza juu ya karatasi zote zile za joto. Nitafungwa. Watoto hawa wanaokupenda watakula nini? Maji hayatarudi kwa mimi kufungwa. Baba mwenyewe asingetaka.

Na wewe unakaa Lindi. Watu wa huku wakikusema, unasikia wapi? Mimi ndiye ninayepita mbele yao kila siku. Jina lako lina uzito, linaweza kubeba. Langu likianguka, duka limeanguka. Niliona afadhali hivyo. Watasahau.

Nikipata nafuu nitajenga birika la kutawadhia pale msikitini, nitaliandika jina la baba. Njoo nyumbani tule, tuyamalize kama ndugu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Muhsin


Kigamboni, 28 Septemba 1955

Muhsin,

Vileja nimewapa watoto wa jirani. Miguu ya Shangazi ni ile ile.

Nilirudi Kinondoni nikamwomba Projestus aniandikie kampuni kwa Kiingereza, nitie sahihi yangu. Alikataa. Alisema kalamu yake imeshaandika ya kutosha kwa ajili ya familia yetu. Sikumlaumu. Nilimwomba radhi yeye na mkewe, wakanijibu kwa adabu, lakini hawakunisindikiza mpaka njiani, na katika watu wa kwao nimesikia hilo ni neno kubwa.

Basi jana nilimsomea baba hitima hapa kwa Shangazi, nikawaalika wanawake wa Temeke. Wengi hawakuja. Waliokuja walikaa karibu na mlango. Baada ya dua nikatoa barua zako zote, nilizokuja nazo kutoka Lindi, nikawasomea, moja baada ya nyingine, bila kuruka mstari. Nilipofika pale uliposema, "Tangi limezikwa upande wa barabara, kama ulivyoagiza," yule aliyetema mate alicheka mpaka akajifunika uso kwa buibui, kisha akalia. Mwanawe ni mmoja wa waliotapika. Yangu ya Juni unayo wewe, basi nikawasomea kwa kichwa, pamoja na pale nilipomtukana mtu asiye na hatia. Hilo nalo walisikie.

Nilipomaliza waliniuliza maji watapata wapi. Sasa wananunua kwa wachukuzi, na wajane wanaomba kwa majirani. Nilidhani nikisafishwa jina nitapumua, na sikupumua. Ardhi imekunywa petroli ile, na baba tangu mwezi wa Juni haandikiwi hata funda moja.

Waume zao wameshasikia, bila shaka. Watakalokufanya ni lao na wewe. Sitakutetea, na sitawachochea.

Nilikupenda kuliko nilivyompenda Hayat, na Hayat analijua hilo, aliwahi kunilalamikia. Nilikutafunia chakula ukiwa huna meno. Kila uliponiomba kitu nilikunja uso nikakupa, na wewe ulijua nitakupa. Ulinihesabu kabla hujaniandikia.

Meli yangu inaondoka kesho. Birika usilijenge kwa jina la baba. Ukilijenga, liandike lako. Na usiniandikie tena. Hayat nimeshamwandikia wosia, na mumewe atausoma: nikifa, wasinisubirishe kwa ajili ya mtu yeyote wa Temeke. Wanizike siku ile ile. Wewe uarifiwe baadaye, kwa barua.

Wahiba binti Awadh